Gitaa Lililoitikia Baruti

Juzi baada ya mazoezi ya kwaya, Rebeka wa bweni letu alinishikisha gitaa la shule ili afunge kamba za viatu. "Shika kidogo, usiliangushe," akasema. Mimi shuleni sijawahi kumwambia mtu kwamba kwetu tunalo gitaa. Nikalikumbatia kama mtoto wa watu. Kidole gumba kikateleza, kikapita juu ya nyuzi zote sita bila mkono wa pili kubana hata mmoja. Sauti haikuwa kubwa. Hakuna aliyegeuka. Ila mimi nilimrudishia Rebeka gitaa lake mapajani kabla hajamaliza kiatu cha pili, nikaenda kukaa nyuma ya matenki ya maji mpaka kengele ya chakula.

"Bhoke ana nini?" niliwasikia wakiulizana.

"Mwacheni. Ndivyo alivyo huyo."

Kweli ndivyo nilivyo. Kwa mdomo siwezi, kwa hiyo naandika. Nyie wa umri wangu mliokulia upande wa Nyamwaga nusu ya habari hii mnaijua: kina baba waliokuwa wanaondoka Jumatatu asubuhi kwenda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kurudi Jumamosi, nywele zao zikiwa za rangi ya jiwe. Nusu ya pili ni ya nyumbani kwetu peke yake.

Gitaa la kawaida, kama lile la Rebeka, ukilipiga bila kulishika linatoa sauti ya watu sita waliokutana stendi, kila mmoja na safari yake. Lazima uwakusanye kwa vidole ndipo waelewane. Gitaa la baba yangu halikuwa hivyo. Yeye alilegeza nyuzi tatu: ule mnene kabisa, ule unaoufuata, na ule mwembamba wa mwisho. Akishazilegeza, hata mtoto akipitisha mkono, gitaa lilijibu kitu kimoja kizuri, kilichonyooka, kama watu wa mji mmoja wanaoitikia salamu. Akitaka kubadilisha sauti alilaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, akakisogeza mbele na nyuma, basi. Alijifunza hivyo kwa kuangalia litungu la babu yake, ala ya nyuzi ya kwetu. Alisema litungu huliwekei vidole ili liseme ukweli, unalikuta nyuzi zake zimeshakubaliana. Gitaa alilinunua Sirari akalifundisha adabu za litungu.

Baba alipiga Jumamosi, akishaoga. Jumapili jioni hakupiga. Jumapili jioni alilitengeneza. Alikaa kwenye kigoda, akaliegemeza shavu lake kwenye ubao wa gitaa kama mtu mwenye jino bovu, akazungusha vile visikio vya kukazia nyuzi kidogo sana, akasikiliza, akazungusha tena. Tulimwomba atupigie hata kidogo. "Leo silipigi," alisema. "Leo nalitengeneza tu." Halafu alilitundika kwenye msumari, ukuta wa upande wa mlima, akaupiga ukuta kwa kiganja. Gitaa likaitikia lenyewe, *mmmm*. Akatikisa kichwa, akaenda kulala. Mimi niliona ni mchezo. Akishaondoka Jumatatu nilipanda kwenye kigoda nikaupiga ukuta na mimi, mpaka mama aniambie nitaubomoa.

Ukuta ulikuwa na mpigaji mwingine pia. Mchana, ng'ambo ya mlima, mgodi mkubwa ulipiga king'ora, halafu kikaja kimya ambacho hata kuku walikijua. Halafu baruti. Ardhi ilijiinua chini ya miguu kama ng'ombe anayetaka kusimama, vikombe vikagongana kabatini, na mwisho kabisa, baada ya kila kitu kutulia, gitaa likasema *mmmm* ukutani.

Nilipokuwa mdogo niliziogopa hizo baruti nikawa najikojolea. Ndipo baba akaniambia. Nakumbuka alikuwa ananikata kucha.

"Bhoke, unasikia gitaa baada ya kishindo?"

"Nasikia."

"Yule ni mimi. Nawasalimu kutoka huko chini. Likiitikia vizuri, ujue mimi tata wako mzima."

"Na likiitikia vibaya?"

Akacheka. "Haliwezi. Si nimelitengeneza?"

Bibi, mama yake baba, alikuwa mlangoni anapepeta ulezi. Hakucheka. Mtoto wake mkubwa, Matiko, duara lilimfunika kabla mimi sijazaliwa, na walichofanikiwa kutoa ni koti. Aliyasikia maneno ya baba, ungo ukasimama mikononi, halafu ukaendelea. Nilidhani bibi hakuamini. Kumbe kati yetu sote yeye ndiye aliyeamini zaidi. Tangu siku ile king'ora kikilia aliacha chochote alichokishika, akageuza uso kwenye ule ukuta. Likishaitikia, alisema neno moja, "Haya," akaendelea na kazi. Kama alikuwa anakula, tonge lilisubiri hewani.

Wiki ninayotaka kuieleza, alikuja mjomba Marwa, mdogo wake mama, kutoka ng'ambo ya mpaka. Mjomba alikuwa na viatu vyeupe na alipigia gitaa kanisa la kwao. Alipoliona la kwetu ukutani alifurahi, akalichukua, akapitisha mkono, akakunja sura.

"Dada, hii gita imefanywa aje? Nani aliichezea?"

"Ya shemeji yako hiyo, iache," mama akasema kutoka jikoni.

"Siharibu, dada. Naitengeneza tu, kidogo. Aki imelegea kama kamba ya mbuzi."

Akakaza zile nyuzi tatu. Niliona shingo ya gitaa kama inavuta pumzi. Akapiga mapambio, mama akaitikia akiwa anachambua mboga, na nitasema ukweli, yalikuwa matamu. Mama sikuwahi kumsikia akiimba hivyo. Mjomba akalirudisha kwenye msumari, akanipa pipi, akapanda pikipiki kwenda Tarime mjini, Nyamisangura, kumwona rafiki yake kabla ya kuvuka kurudi kwao. Mama akachukua ndoo akaenda mtoni. Hakuna aliyefanya kosa. Nimelipekua hilo jambo miaka yote, sijaona.

King'ora kikalia. Bibi alikuwa ameanika ulezi kwenye ngozi uani, akasimama, akaingia ndani, akakaa akiuangalia ukuta. Mimi nikakaa karibu na magoti yake. Kimya. Kishindo. Vikombe. Halafu gitaa.

Sijui niieleze vipi ile sauti. Ndiyo ile ile ya Rebeka. Watu sita wa stendi. Kwa anayepiga gitaa si kitu, ndiyo hali yake. Lakini sisi tulikuwa tumezoea salamu, na siku hiyo tulijibiwa na watu tusiowajua.

"Bibi," nikasema, "halijaitikia vizuri."

Bibi hakuniangalia. Aliweka mikono yote miwili kichwani, akatoka nje, akalia. Kwetu kilio cha msiba kina namna yake. Ukikisikia hukiulizi, unaacha jembe unakuja. Alilia jina: Mwita wangu, Mwita uliyebaki. Mlima wote ukasikia. Wanawake wa mji wa pili, boma la jirani, wakapokea wakiwa bado njiani, na wa mji wa tatu wakapokea kwao. Mama alisikia jina la mume wake likililiwa akiwa na ndoo kichwani. Alifika bila ndoo.

"Nani amewaambia?" alikuwa anauliza kila mtu. "Nani ameleta habari?"

Hakuna aliyejua nani ameleta habari. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyepokea simu. Mimi nilikuwa najua, lakini nilikuwa nalia kuliko wote, na nilikuwa nalia kwa sababu niliona ni kweli. Vijana wawili wakawasha pikipiki kwenda kuchukua mwili.

Sehemu inayofuata baba mwenyewe aliisimulia baadaye, siku alipoweza kuisimulia. Alikuwa amepanda juu kupumzika, amekaa pembeni ya karasha, mashine ya kusagia mawe, anakunywa uji. Vijana wakafika, nyuso zimeanguka, wakamkuta Chacha, mwenzake wa duara.

"Tumekuja kumchukua Mwita."

"Mchukueni, yule pale, anakunywa uji."

Kijana mmoja alidondosha ufunguo wa pikipiki.

Walimleta katikati yao, bado na kikombe mkononi. Nilisikia pikipiki, nilisikia kilio cha wanawake kinakatika kidogo kidogo kama maji ya bomba, nikatoka nje nikamwona baba amesimama langoni, wa rangi ya jiwe kutoka nywele hadi viatu. Nilianza kukimbia kwake. Bibi alinidaka kwenye gauni.

"Usiingie!" bibi alimwambia. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mwita, usivuke hapo! Umeshaliliwa!"

"Mama, mimi mzima. Nani amekufa hapa?"

"Wewe. Kaa hapo hapo."

Kwa mila kama bibi alivyoijua, mtu aliyeliliwa msiba angali hai haingii tu langoni akakaa kitini. Jina lake limeshatamkwa kwa waliolala. Mpaka aje mzee wa ukoo, achinjwe kondoo, ukatwe uwazi kwenye ua nyuma ya nyumba, aingizwe kwa huko kama anayezaliwa. Na mzee wa ukoo siku hiyo alikuwa mnadani. Kwa hiyo baba alikaa nje ya ua wa minyaa, mjini kwake mwenyewe, na mvua ikaanza. Mama alimpelekea mwavuli. Alikaa chini yake kwenye jiwe, watu waliokuja kumzika wamejikinga ndani ya nyumba yake, wanamchungulia.

"Mura, unasikiaje kuwa marehemu?" jirani mmoja akapaza sauti, akimwita kijana kwa lugha yetu.

"Nasikia njaa," baba akajibu. Watu wakacheka, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Sasa niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi sikucheka kwa sababu sikuamini kama yule ni baba. Kama ni baba, kwa nini bibi anamkatalia mlango? Gitaa lilisema amekufa, bibi alisema amekufa, na kitu cha rangi ya jiwe kimekaa kwenye mvua kinaomba chakula. Nilitafuta kivuli chake nisikione. Jua halikuwepo, lakini mtoto hafikiri hivyo.

Mama ndiye aliyemweleza, kupitia kwenye ua, yale niliyomweleza mimi kwa kigugumizi. Baba akasema, "Nileteeni."

Mama akalitoa gitaa ukutani, akalifunika kwa kitenge, akalipitisha kwenye minyaa kwa tahadhari, maana utomvu wake ukiingia machoni ni hospitali. Baba akalipangusa kwa shati, akalichafua zaidi. Akapitisha mkono. Watu sita wa stendi. Niliona uso wake. Nilitegemea acheke, maana sasa alishajua ni Marwa na mapambio yake. Hakucheka. Aliegemeza shavu kwenye ubao, akaanza kulegeza. Ule mnene. Unaoufuata. Akasikiliza, mvua inamchanganya, akarudia. Ule mwembamba. Akapitisha mkono, na ile salamu ikaja, imenyooka, ikapita kwenye ua na mvua mpaka mlangoni tulipokuwa.

Bibi alikaa chini kwenye tope.

"Haya," akasema.

Kondoo alichinjwa kesho yake. Mjomba Marwa aliitwa kutoka Nyamisangura, akafika na viatu vyeupe vimejaa matope, anarudia jambo moja kwa kila mtu: "Aki mimi nilikuwa natengeneza tu. Natengeneza tu." Hakuna aliyemgombeza. Nyama ilikuwa nyingi na mimi nilikula mpaka tumbo likauma. Lakini baba aliponinyooshea kipande kwa mkono wake nilikikataa. Wiki nzima nilikuwa nanusa mikono yake akilala kitini, kuona kama inanuka udongo. Ilinuka udongo. Ya wachimbaji wote hunuka udongo.

Alipotaka kurudi kazini, Chacha alikuja mwenyewe nyumbani. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

"Mura, si sisi tunaokukataa."

"Sasa ni nani?"

"Ni duara. Ardhi ilishaambiwa imepewa mtu. Ukishuka itadai. Na ikidai haichagui, itatuchukua wote tulio chini."

"Chacha, wewe umesoma mpaka darasa la saba."

"Ndiyo," Chacha akasema. "Na ukishuka, mimi sishuki."

Maduara mengine yalikuwa yameshasikia. Baba alizunguka kwa siku kadhaa akarudi kila jioni akiwa msafi, na ule usafi ulituogopesha. Mwisho akapata kazi ya ulinzi kwenye hoteli moja ya watalii upande wa Ikoma, karibu na geti la hifadhi, mbali ambako hakuna aliyejua kwamba ameliliwa. Aliondoka na begi. Gitaa alilitazama, akaliacha kwenye msumari. Nilidhani amelichukia. Nililichukia na mimi kwa niaba yake.

Baruti hazikuondoka. King'ora kililia, na bibi aliacha anachofanya akageukia ukuta, vile vile, ingawa baba hakuwa tena chini ya mlima ule. Nilimwambia, "Bibi, baba yuko Ikoma, analinda geti." Alisema anajua. Lakini mkono na tonge vilibaki hewani. Na gitaa lilimwitikia vizuri, na hapo ndipo nilipoumia. Kama liliweza kuitikia vizuri wakati baba hayupo huko chini, basi haikuwa salamu yake hata siku moja. Siku zote ulikuwa ukuta na msumari tu. Nilikuwa na miaka minane au tisa na sikuwa na wa kumuuliza.

Halafu nyuzi zikaanza kulegea zenyewe. Siku moja likaitikia upande upande. Bibi hakusema "Haya." Hakumaliza chakula, usiku alitembea uani, na asubuhi akamuuliza mama kama kuna simu kutoka Ikoma. Kwa hiyo nilipanda kwenye kigoda, nikalishusha, nikaegemeza shavu kwenye ubao. Ilikuwa Jumapili, mama na bibi wako kanisani, mimi nimesingizia tumbo. Sikujua majina ya sauti wala sasa siyajui. Nilikuwa naikumbuka tu ile salamu. Nilizungusha visikio kidogo kidogo mpaka ikaja, nikaupiga ukuta kwa kiganja, ikaitikia. Tangu hapo nilifanya hivyo kila lilipoanza kupotea, na nilipoanza shule ya bweni, kila likizo. Sikuwahi kulipiga. Nilikuwa nalitengeneza tu.

Bibi alifariki likizo iliyopita, kitandani kwake, kwa uzee, kama alivyokuwa anaomba. Baba alikuja kutoka Ikoma kumzika mama yake. Siku baada ya mazishi, turubai bado halijashushwa, yeye na mimi tulikuwa ndani tunakunja mablanketi ya wageni, mama yuko kwenye moto pembeni ya mlango. King'ora kikalia. Tulisimama wote watatu bila kukubaliana. Kishindo, vikombe, halafu *mmmm*, lote, limenyooka.

Baba aligeuka taratibu.

"Nani analitengeneza hili?"

"Ni mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Bibi alikuwa hali chakula likiitikia vibaya."

Alikaa kwenye kigoda. Nywele zake siku hizi si za jiwe, ni mvi za kweli, lakini rangi ni ile ile.

"Zinalegea upesi hizi nyuzi," akasema. "Joto, moshi wa jikoni. Alhamisi hivi nikiwa chini, nikisikia baruti ya wale wenzetu, nilikuwa najiuliza kama limekaa au limewatisha. Jiwe linatikisika juu ya kichwa changu, na mimi nawaza gitaa."

"Ndiyo maana Jumapili ulikuwa hupigi."

"Jumapili nilikuwa naogopa Jumatatu," baba akasema. "Sikuwa na kingine cha kuwaachia."

Hatukuangaliana. Alilitoa ukutani, akapitisha mkono, akashusha uzi mwembamba kiasi cha unywele. Miaka yote nilikuwa nauacha juu kidogo. Akanishikisha nisikie tofauti, nikaisikia. Kesho yake alikuwa anarudi Ikoma, na mimi nilikuwa nafunga sanduku la shule.

Mama alikuwa ameacha moto. Alikuwa amesimama mlangoni anafuta mikono kwenye kanga, na sijui alikuwa ameanza kusikiliza kutoka wapi. Yeye miaka yote kuhusu gitaa lile hakuwahi kusema neno.

"Nionyesheni na mimi," akasema. "Nyie wote mnaondoka."

Baba akamwachia kigoda.